Pingili ya Tano

Barua ilifika mwezi wa Rajabu, ndani ya bahasha nene iliyochanika pembe moja, pamoja na kitabu chembamba chenye jalada la kijivu. Mjukuu wangu Rukia, anayesomesha Kilindoni, aliisoma kwanza peke yake, midomo ikimcheza, kisha akavua miwani na kuniambia, "Bibi, Bi Mifupa wako amefariki." Nilikuwa napepeta mchele. Sikuuacha ungo. Nilipepeta mpaka makapi yote yakaruka na mchele ukabaki mweupe mtupu, ndipo nikamwambia anisomee tena, polepole, kwa Kiswahili. Aliyeandika ni mwanafunzi wake wa mwisho, mwanamke pia, aliyerithi makabati na madaftari yake. Alisema mwalimu wake aliyatumia maisha yake yote kusoma mifupa ya nyangumi wa kale, na kwamba kuna swali moja ambalo wenzake walimuuliza tangu alipokuwa wa makamo mpaka alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Jibu lake, aliwaambia, analo mwanamke mmoja wa kisiwa cha Mafia, kama yu hai. Swali lenyewe lilikuwa fupi kuliko salamu zilizolitangulia: pingili ya tano ipo?

Pingili ni kile kipande cha kidole kilicho kati ya kiungo na kiungo. Tazama mkono wako. Gumba lina mbili, vidole vingine vina tatu tatu, na hivyo ndivyo ilivyo kwa sultani na kwa mchuuzi wa pweza. Mimi niliijua hesabu hiyo mapema kuliko wasichana wengi, kwa sababu mwaka ule ninaoukumbuka, miaka michache baada ya vita vya Hitla, nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimeshaolewa na kuachwa, nimerudi Ndagoni kwa shangazi yangu Bi Mgeni, naye alikuwa muosha maiti wa wanawake wa mji mzima. Mimi nilikuwa nikiwapaka maharusi hina na piko. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na ua. Katika chumba cha mbele ulisimama ukutani ubao wa kuoshea, mweupe kwa kusuguliwa, na chini yake mkoba wa pamba na karafumaiti. Chumba cha nyuma kilikuwa na vibakuli vyangu vya hina. Harufu hizo mbili zilikutana ukumbini na hazikugombana. Kutwa nzima mikono ilipita katika nyumba ile, ya kwenda arusini na ya kwenda kaburini, na mimi niliishika yote, nikajua jinsi kidole kinavyokaa juu ya mfupa wake.

Upande wetu wa kisiwa, bahari inakula nchi. Mji wa kale wa Kisimani umeshaliwa, na hata leo, maji ya bamvua yanapojaa kwa nguvu na kurudi, makaburi ya watu wasio na jina hufunguka ufukoni. Kwa hiyo tuna desturi yetu. Baada ya bamvua kubwa watu hushuka pwani na makanda, wakaokota kila mfupa uliotoka, ukaoshwa, ukafungwa katika bafta nyeupe na kuzikwa upya juu, kwenye mwinuko, kwa dua na Yasini. Hatuulizi alikuwa nani. Tunasema ni wetu, basi. Mwanzoni mwa mwaka ule bamvua lilibomoa ukingo wa udongo wa kijivu nje kidogo ya magofu, na ndani ya udongo ule ukaonekana mkono. Ulikuwa mkono mzima, kuanzia bega hadi vidole, umenyooka, mweusi kama mpingo, mrefu kuliko mkono wa mtu yeyote tuliyemjua. Hakuna aliyeshtuka. Watu wa kale walikuwa wakubwa, kila mtoto wa chuo cha Kurani anajua hivyo, na kadiri dunia inavyozeeka ndivyo tunavyopungua. Kilichobishaniwa ni jambo jingine kabisa.

"Huu wa mwanamume," alisema Maalim Kombo, imamu wetu, amekunja kanzu magotini. "Tazama urefu huo. Waoshe wanaume."

"Tazama wembamba wa kiganja," shangazi akajibu. "Wa mwanamke huu."

"Bi Mgeni, mimi nimeosha watu tangu hujaota meno."

"Wanawake wangapi, Maalim?"

Watu walicheka hadi mmoja akaanguka ndani ya maji, na Maalim akashindwa. Wakaukata udongo kwa jembe, wakaupandisha mkono kama ulivyo juu ya ubao wetu, mimi nikashika birika, shangazi akaosha. Udongo ulipoondoka nilianza kuhesabu, si kwa kutaka, ni mazoea ya mtu apakaye vidole. Gumba: mbili. Kidole cha shahada: moja, mbili, tatu, nne. Nikafuta tope kwenye ncha. Tano. Nikarudia. Nikamwambia shangazi kwa sauti ya chini kwamba mtu huyu ana pingili tano katika kidole cha shahada. Hakuinua uso. "Maiti haihesabiwi," alisema. "Mimina maji."

Sikuelewa hadi nilipogeuka na kumwona Bi Tatu mlangoni. Bi Tatu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mwanawe wa pekee, Haji, alichukuliwa askari wakati wa vita, akapandishwa meli ya kwenda Bama, na meli ikazama katikati ya maji. Ililetwa karatasi. Karatasi haioshwi wala haizikwi, na kwa miaka yote ile Bi Tatu alikuwa amekaa bila kujua akae vipi; alisita hata kusema "marehemu", akianza neno na kulimeza. Sasa alisimama mlangoni analia, na kipande cha bafta kilichokunjwa mara nne, kile alichokuwa amemwekea Haji kwa kanzu ya arusi. "Mfungieni hii," alisema. Ndiyo sanda iliyotumika. Kuanzia siku ile kila Ijumaa alipanda mwinukoni na ufagio mdogo na vijiti vya mrehani, akafagia, akakaa, akarudi. Alianza kunenepa. Alianza kucheka ukutani kwetu. Siku moja nilimsikia akimwambia mchuuzi wa samaki, "Marehemu mwanangu alipenda changu," na neno lilitoka zima.

Masika yalipokatika alikuja Bi Mifupa. Jumbe, mkuu wa mji, alimleta kwetu kwa sababu nyumba yetu haikuwa na mwanamume. Alikuwa Mwingereza wa makamo, mrefu, shingo nyekundu, amevaa kofia ya ukindu aliyoinunua Kilindoni, na nyuma yake wapagazi watatu wenye masanduku. "Shikamoo," alimwambia shangazi, kwa Kiswahili alichojifunza Unguja kwa kitabu. "Mimi ni mgeni."

"Marahaba. Mgeni ni mimi," shangazi akasema. "Jina hilo hapa lina mwenyewe. Wewe tutakutafutia lako."

Halikutafutwa muda mrefu. Siku ya pili alishuka pwani, akaokota kijiwe katika ule ukingo uliobomoka, akakigeuza juani, akatoa ulimi na kukigusa kwa ncha. Wanawake waliokuwa wakichokoa pweza walisimama wote na mikuki yao. "Wallahi, analamba mifupa!" alisema mmoja. "Mwache," akasema mwingine, "labda kwao chumvi imekwisha." Lakini kicheko kile kilikuwa na hofu ndani yake, maana pale ni mahali pa makaburi, na mtu anayelamba mifupa makaburini tuna jina jingine kwa ajili yake. Jioni ile ile Maalim alikuja ukumbini kuuliza. Bi Mifupa akamweleza bila kukasirika kwamba jiwe haling'ang'anii ulimi, bali mfupa uliogeuka jiwe hung'ang'ania, kwa sababu ndani yake bado mna vile vitundu ambamo uhai ulipita. Hakutafuta mtu. Alitafuta nyangumi. Maalim akaondoka akitikisa kichwa. Kesho yake asubuhi niliingia jikoni ghafla nikamkuta shangazi yangu, mwanamke wa miaka sitini anayeheshimiwa kisiwa kizima, amebandika ulimi kwenye kijiwe, macho ameyatoa. "Kweli kinashika," alisema, akakifuta kwa kanga na kukirudisha mezani kwa mwenyewe.

Nimeishi na watu wengi, lakini sijapata kumwona mtu aliyezama katika kazi yake kama yule. Chumba cha mbele alikigeuza. Ubao wa kuoshea aliuomba, shangazi akampa baada ya kuusomea, na juu yake akapanga vipande vya mgongo mmoja baada ya mwingine, kwa brashi ndogo za nywele, kwa sindano, kwa subira ambayo mimi niliidhani ni ya waosha maiti peke yao. Tulimpelekea chai ya rangi na mashelisheli ya kuchemsha, akala mkono mmoja na mwingine ukiendelea kusugua. Vipande vikubwa alivifunga kwa magunia yaliyochovywa katika plasta, nyeupe, duara, na shangazi alipopita alisema, "Na wewe unatia sanda," naye akajibu kwa uzito wote, "Ndiyo. Marehemu huyu ana safari ndefu." Kamusi yake ilimwambia kwamba kilichokufa ni marehemu, akaliita hivyo kila fupa. Watoto walikuwa wakija dirishani kumsikia akisema marehemu samaki, marehemu kobe, wakaanguka kwa kucheka. Shangazi hakucheka. "Mwacheni," alisema. "Neno la rehema halikosewi."

Siku moja alinishika kiganja, akaweka ndani yake kitu kama kauri, kizito kuliko kauri, kilaini, kimejikunja kwa ndani. "Sikio," alisema. Nyangumi hutambuliwa kwa mfupa wa sikio, hakuna mnyama mwingine mwenye kauri hii kichwani. Kisha akaniambia umri wa sikio lile, na kwa kuwa hesabu haikuwa na maana kwangu, akatafuta njia nyingine. "Sikio hili," alisema, "lilisikia bahari kabla ya kuwapo mtu yeyote wa kuiita bahari." Nilisimama pale, hina imenikauka vidoleni, nikaona ukumbi wetu mdogo, mtungi, mkeka, paka aliyelala, vyote vimesogea nyuma, vimekuwa vya jana asubuhi, na kile kitu mkononi mwangu kilikuwa kinasikiliza. Nimezaa watoto watano baada ya hapo. Nimemzika mume. Nimeona umeme ukiingia kisiwani. Hakuna kilichonifungua kifua kama dakika ile.

Chakula cha mchana tulikula pamoja uani, mihogo ya nazi au wali na kisamvu, na hapo ndipo nilipoyasikia maisha yake, kwa vipande, shangazi akiuliza. Alipokuwa na miaka tisa baba yake alimpeleka kwenye jumba ambako mifupa ya nyangumi ilining'inizwa darini kwa nyaya. Wengine walitazama mbavu. Yeye alilala chali sakafuni chini ya pezi la mnyama akaona kwamba ndani yake kulikuwa na mkono. Bega, kiwiko, kifundo, vidole. Aliambiwa asome mambo mengine, akasoma hayo hayo ya nyangumi. Alipopata kazi, aliwekwa kuandika vibandiko vya makabati ya mifupa ya wataalamu wanaume. Usiku akafungua makabati. Nyangumi, alisema, ni wana wa wanyama waliotembea nchi kavu kwa miguu minne.

"Astaghfirullahi," shangazi akasema. "Wakarudi baharini kwa nini?"

Bi Mifupa akaacha kutafuna. "Sijui, Bi Mgeni. Hilo ndilo ninaloliuliza tangu nikiwa na miaka tisa."

"Labda walikuwa na watu wao huko," alisema shangazi, akamwongezea mchuzi.

Ni Bi Mifupa aliyeona kwamba mkono wangu unafaa. Alinikuta nikichora piko kwenye mguu wa bi arusi, akaleta karatasi na penseli, akaweka ubavu mbele yangu, akasema nichore ninachoona, si ninachojua. Tangu hapo nilimchorea kila mfupa. Na kila siku ilipopita, yule marehemu wetu alikamilika juu ya ubao na magunia, kichwa, shingo, mbavu, mgongo, na kila siku Bi Mifupa aliurudia ule ukingo kutafuta kilichobaki. Mkono haukuwapo. Wa kushoto bahari iliuchukua zamani. Wa kulia ulikuwa na mahali pake wazi kabisa katika udongo, na ukingo wa mahali pale ulikuwa umekatwa kwa jembe.

"Mtu ameutoa," aliniambia siku ile, amepiga magoti topeni. "Si zamani. Zena, bila mkono huu nitakuwa nimepata nyangumi mmoja zaidi. Ninao wengi. Wa sasa wana vidole virefu, pingili saba, nane, hata zaidi. Wa kale kabisa wana tatu kama sisi. Hakuna aliyewaona waliokuwa njiani. Wenzangu wanasema hakuna njia, waliruka tu. Huyu ana umri wa kuwa njiani. Muda uliobaki kwangu hapa ni wiki tatu."

Ningeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo maisha yangu yote. Lakini yule mwanamke alikuwa amenipa sikio mkononi, na mimi nilikuwa na kitu nilichokiona kwa macho yangu na kuambiwa hakihesabiwi. Nikachukua kijiti, nikachora mkono mchangani, kidole kwa kidole. Nilipofika kidole cha shahada nikagawa tano. Alitazama. Akakaa chini kabisa, maji yakimpanda miguuni, na kofia yake ikachukuliwa na upepo asiifuate.

Shangazi aliponisikia hakupiga kelele. Alikuwa anasuka ukili, akaendelea kusuka. "Umefungua mdomo," alisema. "Sasa utafungua kaburi. Na ukifungua kaburi, mimi nitakuwa nimeosha samaki mbele ya mji mzima, na hilo nitalibeba, mgongo wangu mpana. Lakini Tatu umemnyang'anya mtoto mara ya pili." Jumbe yeye aliona ni jambo dogo, Bi Mifupa ana barua ya ofisi ya Kilindoni, atoe barua, vijana wachimbe, basi. Nilimwona Bi Mifupa akiishika ile barua, yenye mhuri, akiikunja na kuikunjua. Maalim Kombo aliitwa. Alipofahamu alishika ndevu, na nadhani kila mmoja wetu alimwona akijisikiliza mwenyewe akisoma Yasini juu ya nyangumi.

"Kaburi la mnyama halina hukumu ya kaburi," alisema mwishowe. "Kisheria, hakuna kizuizi. Na ile Yasini haikupotea. Aliyembeba Nabii Yunus tumboni hakosi kusomewa mara moja." Akasimama. "Lakini kizuizi hakimo katika sheria. Kimo nyumba ya pili. Mwendeeni mwenyewe."

Tulikwenda asubuhi, mimi na Bi Mifupa, barua ameiacha sandukuni. Bi Tatu alikuwa anakuna nazi. Alitutandikia mkeka, akatuletea visheti, akauliza habari za kazi. Bi Mifupa alianza vizuri, kisha Kiswahili kikamkimbia, akasema maneno matatu ya kwao, akakwama. Nikataka kumsaidia, Bi Tatu akaniwekea mkono gotini.

"Unataka kuniambia kwamba si mwanangu," alisema. "Haji alikuwa na vidole kama vyangu. Nilimkata kucha tangu ana siku saba, mimi nisijue vidole vyake? Niliona pale mlangoni, kabla ya huyu Zena kumaliza kuhesabu."

"Sasa mbona ulilia, Bi Tatu?" nikauliza, na mpaka leo naona haya.

"Kwa sababu palikuwa na pa kulilia." Akageukia nazi yake, akakuna kidogo. "Ni nani basi?"

"Nyangumi," alisema Bi Mifupa. "Marehemu nyangumi. Wa zamani sana."

Hakuna aliyecheka. "Aliishi baharini?"

"Ndiyo."

"Akafia baharini?"

"Ndiyo."

"Na mama yake hakumzika." Mkono uliokuna nazi ukasimama. "Basi sikukosea sana."

Bi Mifupa akasema, kwa taabu, kwamba mnyama asiyejulikana hupewa jina na yule anayemtambulisha, na kwamba angependa, kama Bi Tatu ataridhia, kumpa jina la Haji, lisomwe duniani kote. Nilidhani huo ni ukarimu mkubwa kuliko wote. Bi Tatu alitikisa kichwa. "Jina la mwanangu usimpe mnyama. Mpe lake. Mchukue, nimekuruhusu, ana kazi huko kwenu. Ila mimi Ijumaa nitakwenda wapi? Niachie kipande. Kile cha mwisho cha kidole cha shahada. Kidogo tu, ncha ya kushuhudilia. Vingine vyote vyako."

Nilimtazama Bi Mifupa. Ndani ya nyumba ile, sisi wawili tu ndio tuliojua kilichoombwa. Bila ncha ile kidole kinabaki na nne, na nne mtu anaweza kuzibishia, akasema moja ni ya kidole kingine, akasema imevunjika. Ni ile ya tano, ile ndogo yenye ncha bapa, iliyofunga hesabu. Angeweza kueleza. Angeweza kuomba nyingine, na Bi Tatu angempa bila kuuliza. Shingo yake ilipanda wekundu hadi masikioni. Alinyoosha mkono, akachukua kisheti, akakirudisha. "Nimekuelewa," alisema. "Itabaki."

Kaburi lilifunguliwa baada ya jua kupanda, Maalim akisimamia, shangazi akashuka mwenyewe kupokea. Bafta ilikuwa imeliwa na udongo lakini fundo la Bi Tatu bado lilishika. Tulikaa na ule mkono siku mbili. Plasta ilikuwa imeingia unyevu na kuganda katika debe lake, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuchukua nakala. Picha alizopiga, niliandikiwa baadaye, ziliota ukungu safarini. Akaniambia nichore. Nilichora pingili ya tano kutwa nzima, juu, chini, ubavuni, ncha, nikipima kwa bikari yake, naye amekaa kando yangu akinichongea penseli. Nilipomaliza aliigusa kwa ulimi, mara moja, kama mtu anayebusu jiwe. Kisha akampa shangazi. Shangazi akaiosha, akakata bafta mpya ukubwa wa kiganja, akaniambia nifunge mimi. Bi Tatu alisimama juu na mrehani. Ndani ya sanda ilikuwa ndogo kama kokwa ya ukwaju, na tuliilaza kama tunavyolazwa wote.

Aliondoka wiki iliyofuata. Shangazi akapata jina jipya mjini, Muosha Nyangumi, wakaanza kwa utani na wakaishia kwa heshima, maana watu waliona kwamba hata kama alikosea, alikosea kwa kuzidisha rehema. Bi Tatu aliendelea na Ijumaa zake mpaka akalazwa kando ya mahali pale pale. Mimi niliolewa tena, na katika meza yangu ya hina daima palikuwa na penseli.

Na Bi Mifupa? Hayo ndiyo Rukia aliyonisomea, siku tatu, kutoka kwenye kitabu cha kijivu na barua iliyokuja nacho. Katika ukurasa wa kati upo mchoro wangu. Niliutambua kabla hajaniambia, kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Mkono mzima, vidole vitano, na kile cha shahada kimefika mwisho wake. Chini pameandikwa kwamba pingili nne zimehifadhiwa, na kwamba ya tano ilionekana, ikapimwa na kuchorwa mahali pake. Halafu sentensi moja ambayo Rukia aliisoma mara mbili kwa kuwa ilimshangaza: "Haikuchukuliwa." Hakuandika kwamba ilipotea. Hakuandika kwamba haikupatikana. Wenzake, barua inasema, walimcheka kwa neno lile maisha yake yote yaliyobaki; mtaalamu gani anauona ufunguo akauacha mlangoni? Walisema mchoro ni wa mwanamke wa kisiwani asiyejua kitu, amehesabu vibaya. Aliwekwa nyuma, vyeo vikapita kwa wengine, akabaki na makabati yake. Kila alipoulizwa sababu, alijibu kwamba ilikuwa na mwenyewe.

Mwanafunzi wake hakuuliza mahali. Nilimpenda kwa hilo. Ameuliza tu kama ipo, apate kuamini mwenyewe kabla hajawaambia wengine. Rukia alikaa na kalamu tayari, akanitazama. Nje wanawake walikuwa wanarudi pwani, wanacheka, na nikajiangalia vidole, mikunjo, mafundo, tatu tatu, na ile hofu nzuri ya mwaka ule ikanijia tena nzima, kana kwamba kuna kitu mkononi mwangu kinasikiliza.

"Andika," nilimwambia. "Mwambie ipo. Niliifunga mimi. Imelala kwa ubavu wa kulia, inaelekea kibla."